Soketi ya Kando ya Kitanda cha Mama Waceke

Wasikilizaji wapendwa, karibuni tuketi. Ni mimi Shosho Wangechi, bibi yenu, na hii ndiyo saa yetu ya kuwakumbuka watu wetu. Mwenye chai na anywe. Mwenye maharagwe ya kuchagua na aendelee kuchagua. Lakini leo nawaomba mnisikilize kwa makini, hasa nyinyi wa Ruiru, maana baadhi yenu mlisema neno juu ya mtu huyu. Nami nilisema.

Tunamkumbuka Mzee Joram Ouma. Wengi mlimwita Ouma wa Simu. Alikuwa fundi wa simu za waya hapa Thika tangu mwaka wa sabini na sita. Alituacha tarehe kumi na mbili Julai, akiwa na miaka sabini na miwili. Aliondoka akiwa ameshukiwa.

Narudia, wasikilizaji wapendwa. Aliondoka akiwa ameshukiwa.

Binti yake, Mitchell, alikuja hapa studioni kuniomba tumkumbuke baba yake. Aliketi hapo ninapoweka kikapu changu. Akaniuliza, "Shosho, utasema baba alikuwa mtu gani? Kwa sababu Ruiru wanasema alikuwa anaharibu laini ya mama mzee makusudi, apate kuizoea nyumba."

Nilimwambia, "Mwanangu, nipe wiki mbili."

Wiki hizo zimeisha. Kazi yangu leo ni moja tu, jina la Mzee Ouma. Nitawaeleza tuliyoyaona, kama tulivyoyaona, na vile tulivyomshuku hatua kwa hatua. Mwishoni mtaniambia kama tulikuwa na haki.

Ouma alizaliwa Ugenya, huko Siaya. Alisomea kazi ya simu Nairobi, akatumwa Thika akiwa na miaka ishirini na mitatu. Siku hizo simu ilikuwa na waya, waya ulikuwa na nguzo, na juu ya nguzo alikuwa Ouma. Mvua kubwa ya mwaka wa tisini na saba ilipoangusha nguzo upande wa mto Chania, alishinda siku mbili kwenye matope akiunganisha waya wa zahanati moja, kwa sababu wakunga hawakuwa na njia ya kuita gari. Hakuna aliyempigia makofi. Alirudi nyumbani, akalala na viatu.

Lakini kazi ile ilikuwa na ugonjwa wake. Fundi wa simu alishukiwa siku zote. Watu waliamini kwamba yule anayeshika waya husikia kila kitu. Mkewe, Aoko, aliniambia hivi: "Tukiishi Kamenu, nikifika kwa mfereji wanawake wananyamaza. Wanafikiri bwana yangu amesikia siri zao, akaniletea. Na huyo mzee, Shosho, hata ukimuuliza amekula nini mchana, anakuambia, chakula."

Baadaye simu za mkononi zikaja. Shirika la simu likapunguza watu. Ouma akatoka Kamenu, akapanga chumba mtaa wa Kiandutu, akawa anatengeneza redio na vipaza sauti vya makanisa. Hata hii redio yangu ya nyumbani, yenye mkono uliovunjika, ni yeye aliyeirudishia sauti.

Sasa nimlete rafiki yangu. Mama Waceke, mjane wa Mwalimu Njau, ana miaka themanini na mitatu. Anaishi Ruiru, katika nyumba ya mawe iliyojengwa kabla ya Uhuru. Kuta zake ni nene, hata ukigonga msumari, msumari ndio unaojuta. Anaishi peke yake. Kuna mama anayekuja kumpikia kuanzia saa tatu asubuhi. Binti yake Beth huja Jumamosi. Mwanawe Karanja anaishi Kitengela, na huja anapopata nafasi.

Agosti mwaka jana Mama Waceke aliteleza bafuni. Simu yake ya mkononi ilikuwa jikoni ikichajiwa. Yule mpishi alikuwa amesafiri kwao. Mama alilala sakafuni tangu asubuhi hadi Beth alipofika saa saba mchana.

Karanja akasema, "Imetosha. Mama anahamia kwangu."

Mama akasema, "Nitahama siku mtanibeba mkiwa sita."

Wakabishana mwezi mzima. Mwishowe wakapatana. Mama atabaki, lakini lazima awe na simu kando ya kitanda. Simu kubwa, isiyohamishwa, yenye vitufe ambavyo kidole kinaweza kuvipapasa. Beth alikuwa ameweka intaneti sebuleni, na kile kisanduku cha intaneti kina tundu la kuchomeka simu. Shida ilikuwa kutoka sebuleni hadi chumbani. Kuta zile za mawe, nani atazitoboa?

Nikasema, "Mimi namjua fundi."

Kumbukeni hilo, wasikilizaji wapendwa. Ni mimi niliyemleta.

Ouma alifika Jumamosi moja ya Novemba, mvua ikinyesha. Alivua viatu mlangoni. Akatoa gazeti la zamani mkobani, akalitandaza chini ya ukuta, ili vumbi lisianguke sakafuni kwa Mama. Hakuna aliyemwambia afanye hivyo.

Akatazama kuta. Akafuata ule ubao unaozunguka chini ya ukuta, akiupapasa kwa vidole. Akafika chumbani, akapiga magoti kando ya kitanda. Hapo palikuwa na kisanduku kidogo cheusi ambacho sote tulidhani ni cha taa iliyokufa. Akafungua kifuniko. Akacheka peke yake.

Ndani ya kifuniko palikuwa na herufi zilizochorwa kwa ncha ya msumari. J.O. Na tarehe ya mwaka wa themanini na nne.

"Ni mimi," akasema. "Mwalimu alitaka simu ya pili huku chumbani. Alikuwa hedimasta, walikuwa wanamtafuta saa zote."

Mama Waceke akapiga makofi. "Ngai! Wewe ndiye yule kijana mwembamba uliyekataa uji wangu?"

"Nilikuwa naogopa mbwa, Mama. Uji ulikuwa karibu na mbwa."

Sisi tulicheka. Karanja hakucheka. "Mzee, kumbe unaijua hii nyumba. Na hukusema."

"Nimekumbuka sasa hivi, nikiona mkono wangu."

Hiyo ilikuwa mbegu ya kwanza ya shaka.

Mafundi wa zamani wa simu walikuwa na desturi yao. Kila aliyefungua kisanduku aliandika ndani ya kifuniko tarehe na ugonjwa aliouona. Waya umekatika. Kutu. Panya. Hivyo fundi atakayekuja baada yake hataanza upya. Ouma aliniambia kwamba katika miaka yake yote hakuwahi kuandika ugonjwa ambao hakuuona. "Kifuniko ni kama kiapo," alisema. "Ukimdanganya mwenzako, atapanda nguzo bure."

Kwa nini utoboe mawe wakati waya wa zamani umo ukutani tayari? Hivyo ndivyo Ouma alivyofikiria. Alitaka kuutumia ule ule wa themanini na nne. Lakini kwanza alitoka nje, akapanda ngazi, akaukata waya uliotoka kwenye nguzo ya barabarani kuingia chini ya paa.

Karanja akatoka mbio. "Wewe! Tumekuita uweke simu, unakata?"

"Huu wa nje ulikufa zamani," Ouma akajibu kutoka juu. "Lakini ukibaki umeshikana na wa ndani, siku moja unaweza kuleta umeme wa radi, uchome kile kisanduku chenu cha intaneti. Lazima nitenge. Ndani kwa ndani, nje kwa nje."

Karanja aliuokota ule mkia wa waya, akautia mfukoni. Nilimwona.

Ndani ya waya wa zamani mna nyaya nne nyembamba, na rangi zake zilikuwa zimefifia zote zikawa kama chai. Ili kutambua nyaya mbili za sebuleni ni zipi kule chumbani, Ouma alitumia betri na balbu ndogo ya tochi. Yeye alikaa sebuleni na betri. Mimi nikaketi chumbani na balbu.

"Shosho, imewaka?"

"Bado!"

"Na sasa?"

"Bado, baba!"

"Na sasa?"

"Imewaka! Imewaka!" Nikapiga kelele kama mtu aliyeona mwezi. Mama Waceke kitandani alicheka hadi akashika mbavu.

Ouma akatoa maganda ya zile nyaya mbili, akazisugua hadi shaba ikang'aa, akazifunga chumbani kwenye soketi mpya kwa skrubu mbili ndogo, na sebuleni akaziunganisha na lile tundu la kisanduku cha intaneti. Zile nyingine mbili akazikunja vizuri, akaziacha ndani.

"Hizo mbili umeficha ni za nini?" Karanja akauliza.

"Sijaficha. Ni za akiba. Mmoja ukikatika, ndugu yake yupo."

Kisha Ouma akamwuliza Mama, "Unalalia upande gani?"

Karanja akadakia. "Mzee, hiyo inakuhusu nini?"

"Nataka mkono wake ufikie simu bila kugeuza mwili."

Akasogeza meza. Akarudisha kile kifuniko cheusi cha zamani, maana kilikuwa bado kizima. Saa kumi jioni simu ikalia. Mama aliweka kiganja juu yake kabla ya kuinua, kama anayepima homa ya mtoto. Ouma alikuwa sebuleni na simu yake ya mkononi. "Laini iko sawa, Mama?"

"Iko sawa."

Sasa sikilizeni yaliyofuata. Simu ilifanya kazi Novemba. Ikafanya kazi Desemba. Watoto walikuja Krismasi, nyumba ikajaa, kisha wakaondoka.

Tarehe tisa Januari, simu ikafa. Beth alipiga, kimya. Akapiga tena, kimya. Akakimbia kutoka Thika. Karanja akaja kutoka Kitengela. Wakamkuta Mama mzima, ameketi kitandani, amevaa leso yake nzuri. Ouma akaitwa, akatengeneza kwa dakika chache. Tukanywa chai sote. Ilikuwa siku njema.

Tarehe ishirini na saba Januari, ikafa tena. Watu wakakimbia tena. Ouma akaja, akatengeneza kwa dakika chache tena.

Tarehe kumi na nne Februari, mara ya tatu.

Mara tatu kwa wiki tano. Na ule waya ulikuwa umekaa ukutani miaka arobaini bila mtu kuugusa. Mtu yeyote mwenye akili angeuliza. Karanja aliuliza. "Ni nini kinaharibika?"

"Unyevu," Ouma akajibu, bila kumtazama usoni.

Siku hiyo ya tatu Ouma alifanya jambo lililotutia baridi. Alisimama mlangoni mwa chumba, akasema, "Naomba dakika tano na Mama peke yake." Akarudisha mlango. Tulisikia sauti yake, chini chini. Tulimsikia Mama akisema, "Hapana, hapana." Beth alinishika mkono. Ouma alipotoka, alikuwa amebeba lile gazeti lake likiwa limekunjwa.

Karanja akaziba njia. "Nini iko kwa hiyo gazeti?"

"Vumbi."

"Fungua."

"Nitamwaga."

"Mzee, nimesema fungua!"

Ouma akafungua. Vumbi likamwagika juu ya viatu vya Karanja. Hapakuwa na kitu kingine. Siku nyingine tungecheka. Siku hiyo hakuna aliyecheka.

"Usirudi kwa hii nyumba," Karanja akasema. "Sijui unatafuta nini. Ulikuja hapa themanini na nne, unajua kila mlango. Unauliza mama analala wapi. Unakata, unaficha nyaya, inaharibika, unaitwa. Unaizoea nyumba. Mimi si mtoto."

Ouma hakujitetea. Alivaa viatu vyake taratibu. Akamwambia Beth, "Mama anapenda kuwe na watu." Akaenda zake. Sisi tukadhani anaomba arudi.

Habari ile ikaenda mtaani. Mwajua jinsi inavyoenda. Jioni hiyo hiyo ilikuwa kwenye kundi la simu la majirani. Jumapili ikafika kanisani kwetu, ambapo Ouma ndiye aliyekuwa akiweka ufunguo wa kabati la vipaza sauti. Ufunguo ukaombwa urudishwe. Akaurudisha akiwa ameufunga katika karatasi safi.

Na sasa, neno lililotufanya tuwe na hakika. Tangu Ouma alipokatazwa kuingia, simu haikuharibika tena. Narudia. Tangu siku ile, simu haikuharibika hata mara moja. Machi, nzima. Aprili, na mvua yake yote, nzima. Mei. Juni. Tukatazamana, tukasema, "Mnaona?"

Mimi pia nilisema, "Mnaona?"

Nilikutana naye Thika, karibu na soko, mwezi wa Mei. Nilimwona kwanza. Nikageukia vikapu vya nyanya, nikajifanya nachagua. Akapita nyuma yangu, akasema kwa upole, "Habari ya asubuhi, Shosho. Ile redio bado inashika vizuri?" Nikasema inashika. Sikugeuka. Nilinunua nyanya ambazo sikuzihitaji.

Kulikuwa na jambo lingine pia. Beth alilala kwa Mama siku moja mwezi huo wa Mei. Saa mbili kamili asubuhi, simu ya kitandani ililia. Mama akainua mkonga. Akasema, "Iko sawa." Akasikiliza kidogo, akatabasamu, akauweka chini.

"Ni nani, Mama?"

"Watu wa simu."

Beth alimwambia Karanja. Karanja akasema hao ni watu wanaochunguza kama kuna mtu nyumbani. Simu ile haionyeshi namba. Wakanunua kufuli mpya ya geti. Wakaweka vyuma kwenye dirisha la jikoni. Nani kama si yeye, tulisema. Nani mwingine ana namba ile?

Naam. Ni yeye aliyekuwa nayo.

Julai ikaja na baridi yake. Ouma alishikwa na kifua. Alilazwa hospitalini siku nne, akafariki Jumamosi, tarehe kumi na mbili. Habari zilinifikia Jumatatu. Nilisema, "Mungu amrehemu," kisha nikaendelea kuchemsha maji. Nasema ukweli mbele yenu.

Jumatano asubuhi Beth alinipigia. "Shosho, laini ya Mama imekufa tena."

Nilisimama pale jikoni, nikishika simu. Imekufa tena? Na Ouma yuko mochari?

Tulifika Ruiru, mimi na Beth. Karanja alikuwa ametangulia. Mama Waceke alikuwa ameketi kitandani, amevaa leso yake nzuri, macho yakiangalia mlango. Hakututazama sisi. Aliangalia nyuma yetu.

"Ouma anakuja?" akauliza.

Karanja alikuwa amepiga magoti, anafungua kile kifuniko cheusi. Waya mmoja ulikuwa umetoka kwenye skrubu yake, umesimama wima. Haukukatika. Haukuliwa na panya. Shaba ilikuwa inang'aa. Ulikuwa umelegezwa tu.

Akageuza kifuniko. Nikachuchumaa, nikasoma pamoja naye. Ile J.O. ya msumari ilikuwepo. Chini yake, kwa kalamu ya risasi, mwandiko mdogo ulionyooka:

9/1, unyevu.

27/1, unyevu.

14/2, unyevu.

Wasikilizaji wapendwa, nyinyi ni watu wa hapa. Niambieni, Ruiru mwezi wa Januari kuna unyevu gani? Februari iliyopita, mliona tone? Mbuzi walikuwa wanakula maboksi. Na yule ni mtu aliyeniambia kwamba kifuniko ni kama kiapo.

"Alidanganya," Karanja akasema taratibu. "Kwa nini adanganye hapa, mahali hakuna mtu anasoma?"

Ndipo Mama Waceke alipotia mkono katika mfuko wa sweta yake. Akatoa kijiko cha chai. Ncha ya mpini wake ilikuwa imechubuka, imepinda kidogo. Akakiweka juu ya blanketi.

"Ni mimi," akasema.

Beth akakaa chini.

"Ni mimi. Simu ikifa mnakuja. Ikiwa nzima mnauliza nimekula, nasema nimekula, mnakata. Ikifa, mnakuja wote, tunakunywa chai. Ouma alijua. Alijua siku ya kwanza. Skrubu haijifungui yenyewe. Akaniangalia, nikaangalia ukuta. Akaandika unyevu."

"Na siku ile alifunga mlango?" Beth akauliza.

"Aliniambia, 'Mama, hii skrubu nimeikaza. Siku ukianguka kweli na waya uko nje, utaita na nini? Usilegeze tena. Nitakuwa nakupigia mimi, kila siku saa mbili.' Mimi nikasema, hapana, hapana, niwaambie watoto. Akasema, 'Ukisema watakuhamisha. Nyamaza. Mimi ni fundi wa simu, nimezoea kushukiwa.'"

Akafuta macho kwa ncha ya leso.

"Na alipiga. Kila siku. Miezi mitano. Ananiambia, laini iko sawa, Mama? Namwambia, iko sawa. Ananiambia Thika kuna jua au hakuna. Basi. Sasa tangu Jumatano ya wiki iliyopita hakupiga. Wiki hii hakupiga. Nikafikiri amekasirika. Nikachukua kijiko."

Karanja alikuwa bado amepiga magoti. "Mama, mbona hukusema? Nilimfukuza mbele yako."

"Ningesema, ungenipeleka Kitengela nikae na televisheni yako. Niliogopa. Nikamwacha abebe lawama." Kisha akauliza tena, kwa sauti ndogo, "Anakuja lini?"

Ni mimi niliyemleta Ouma katika nyumba ile. Kwa hiyo ni mimi niliyemwambia. Nilikaa kitandani, nikamshika mikono yote miwili. Sitasimulia kilio cha rafiki yangu redioni.

Alipotulia, alimwambia Karanja, "Funga huo waya." Karanja, mhasibu mzima, hajawahi kushika bisibisi. Alikaza skrubu. Kisha Mama akasema, "Sasa andika. Yeye alikuwa anaandika."

"Niandike nini, Mama? Unyevu?"

"Hapana. Uongo wake unatosha. Andika: Mama aligusa."

Karanja akaandika. Nimeyaona maneno hayo kwa macho yangu. 16/7, Mama aligusa. Yako pale, chini ya uongo ule wa mara tatu.

Kisha Mama akanigeukia. "Na wewe una redio. Nenda ukaseme. Na usiseme 'mama mmoja wa Ruiru.' Taja jina langu, na la kijiko ukitaka."

Basi natii. Wasikilizaji wapendwa, mlio Ruiru, mlio Thika, mlio katika lile kundi la simu la majirani, sikieni. Mzee Joram Ouma hakuharibu laini ya mtu. Aliyelegeza waya ni Mama Waceke, mjane wa Mwalimu Njau, kwa kijiko cha chai, kwa sababu nyumba ilikuwa kimya. Ouma alijua, akanyamaza, akabeba. Narudia kwa wale waliowasha redio sasa hivi. Mzee Joram Ouma hakuharibu laini ya mtu.

Siku iliyofuata tulikwenda Kiandutu kwa Aoko. Karanja alikuja. Alisimama mlangoni, akavua viatu bila kuambiwa. Alisema, "Mama, nilimkosea mzee." Aoko akamsogezea kiti kimoja kilichokuwa mlangoni. "Keti hapo," akasema. "Hapo ndipo alikuwa anakaa akipiga hiyo simu yenu. Nikimwambia, wewe, chai inapoa, ananiambia, ngoja, kazi ya Ruiru haijaisha."

Mitchell alikuwa pembeni, anakunja nguo za baba yake. Akasema bila kuinua kichwa, "Asubuhi ile ya mwisho hospitalini aliniuliza ni saa ngapi. Nikamwambia ni saa mbili. Akasema, nipe simu. Nikadhani ni homa inaongea. Nikamwambia, baba, pumzika."

Mitchell, mwanangu, najua unanisikiliza. Hukujua. Sisi ndio tuliokuwa na macho na hatukutazama. Wewe ulimfunika baba yako blanketi. Huo nao ulikuwa wema.

Mzee Ouma alizikwa kwao Ugenya, Jumamosi tarehe ishirini na sita. Karanja aliendesha gari usiku kucha kumfikisha Aoko na jamaa. Kanisani kwetu, ule ufunguo wa kabati la vipaza sauti sasa umetundikwa ukutani, ndani ya karatasi ile ile safi aliyoufungia. Hakuna aliyetaka kuitoa.

Kwa niaba ya wote hapa studioni, tunatoa pole kwa mjane wake Aoko, kwa binti yake Mitchell, na kwa ukoo wote wa Ugenya. Mungu awatie nguvu. Na kutoka kwangu binafsi, si pole tu. Ni samahani. Mzee Ouma, redio bado inashika vizuri. Ningegeuka siku ile sokoni.

Nanyi wasikilizaji wapendwa, siwapi mahubiri. Nawaomba tu mfikirie jina la mtu mmoja mliyesema juu yake, "Mnaona?" Mmoja tu. Jiulizeni mliona nini hasa. Halafu fikirieni nyumba moja ambayo simu ni nzima, kila kitu kiko sawa, na kwa sababu hiyo hakuna anayekwenda.

Kwa Mama Waceke, saa mbili asubuhi simu inalia bado. Tumegawana siku. Jumatatu ni Beth. Jumanne ni Karanja. Siku yake ya kwanza alipiga, Mama akainua mkonga. Karanja akasema, "Laini iko sawa, Mama?"

Mama akamjibu, "Iko sawa. Kitengela kuna jua?"

Rafiki yangu, najua umewasha redio, na najua kijiko kimerudi jikoni. Kesho ni Alhamisi. Ni zamu yangu. Lakini sitapiga. Nitakuja.